Marehemu Wangu wa Kila Jumanne

Vijana wangu mnaoanza kazi hii ya kuongoza wageni, mmeniomba niwaandikie machache ili mjifunze. Haya, mmeyataka wenyewe. Mnanijua nikianza kuzungumza, kwa hiyo asije mtu akalalamika baadaye kwamba mzee Tarmo kampotezea muda.

Najua mnangoja habari za simba. Simba hawana shida. Miaka yote niliyoshuka na kupanda kreta ya Ngorongoro, hakuna simba aliyenifedhehesha hata mara moja. Aliyenifedhehesha ni mimi mwenyewe, kwa mdomo huu huu, na fedheha kubwa kuliko zote haikunipata huko juu. Ilinipata kule chini, kando ya ziwa Eyasi, kwenye kitongoji kilichobebwa na maji. Huko nilimuua mtu. Msishtuke, nitaeleza. Nilimuua kila Jumanne kwa misimu miwili, na muda mwingi wa misimu hiyo yeye mwenyewe alikuwa ananipokea kwa kunipa mkono.

Lakini kwanza niwaambie ugonjwa wangu, maana bila huo mtaniona mchawi. Ugonjwa wangu ulikuwa kushindwa kusema "sijui". Mgeni akiniuliza, lazima nijibu. Hata kama jibu sina, nalitengeneza hapo hapo, la moto, kama maandazi.

Mwaka wangu wa kwanza nilipandisha wageni wanne asubuhi mapema, tukasimama pale juu wanaposimama watu wote kuitazama kreta. Ukungu wa Ngorongoro mnaujua, siku nyingine huoni hata kioo cha pembeni cha gari lako. Mtu mwenye akili angesema, "Jamani, tungoje." Mimi nikawapanga mstari, nikanyoosha mkono, nikaanza. Kushoto pale ni ziwa Magadi. Kulia ni msitu wa Lerai. Pale katikati tembo wazee hupenda kupita. Niliongea dakika kumi, wageni wanaitikia kwa kichwa, wengine wanapiga picha za ukungu. Upepo ukaja, ukungu ukafunguka kidogo. Kumbe tumeelekea choo. Kreta yote, na tembo wake na ziwa lake, ilikuwa nyuma ya migongo yetu. Mgeni mmoja, mtu mpole kweli, akaniuliza kama kile choo ndicho msitu wa Lerai.

Basi mngedhani nilijifunza. Wapi! Mwaka uliofuata nikapata mgeni wa kutazama ndege, wale wanaobeba daftari. Kila kitu chenye mabawa anauliza jina. Majina niliyoyajua yakaisha kabla ya saa nne. Kuanzia hapo nikawa nabatiza tu. Huyu ni kijivu mdogo wa Oldeani. Huyu ni msema-pekee wa mlimani. Mzee wa watu anaandika. Miezi michache baadaye mwenzangu mmoja akarudi kutoka safari amekasirika, anasema mgeni wake amemsumbua siku nzima akitaka aonyeshwe msema-pekee wa mlimani, rafiki yake alimwona mwaka jana. Nikamwambia ni ndege adimu sana.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mzee Hemedi, dereva wa mjini Karatu. Kwao walikuwa na duka la vitenge karibu na soko, lakini yeye alipenda usukani kuliko mita. Mambo mengi mnayoyaona kwangu ni yake. Yeye ndiye aliyenifundisha kumweka mbele mgeni mwenye mgongo mbovu kabla hajalalamika, maana akishalalamika hata ukimbeba begani atasema unamtikisa. Yeye ndiye aliyenifundisha kuhesabu wageni kwa kofia, si kwa sura, kwa sababu siku za mwanzo sura zao utazichanganya na utaona aibu. Aliniambia chakula cha mchana kule kreta kiliwe ndani ya gari, nami nikajifanya mjuaji nikawaketisha wageni nje kwenye majani, mwewe akashuka akachukua paja la kuku mkononi mwa mgeni kabla hajasema amina. Mzee Hemedi akaja na gari lake, akatukuta tumekaa tunatazama juu. Alinipa yai lake la kuchemsha nimpe yule mgeni.

Kuhusu majibu yangu ya moto aliniambia mara moja tu. "Tarmo," alisema, "hilo neno 'sijui' halina gharama. Litumie." Nikasema sawa, mzee. Nikaenda zangu kubatiza ndege.

Sasa tushuke Eyasi.

Hili ninaloandika hapa sikuwahi kumwambia Mzee Hemedi mpaka anaingia kaburini, na bado linanikaa vibaya. Mwaka ule wa mvua nyingi nilikuwa kule ziwani na wageni sita, alasiri. Ziwani jua kali, mbingu bluu tupu, hakuna hata wingu la kufutia jasho. Mnajua nchi yetu ilivyo: mvua inanyesha huku juu, mlima Oldeani na misituni, na walio chini ziwani hawana habari mpaka maji yanafika yakiwa na magogo na mawe. Redio ya gari ikalia. Mwenzangu aliyekuwa huku juu anapiga kelele: "Mlio chini rudini sasa hivi! Mlimani kunamwagika, korongo linakuja na maji!"

Nikawapakia wageni, nikageuza gari. Barabara ya kupandia inapita katikati ya kile kitongoji kabla ya kuvuka korongo. Watu walikuwa kwenye kazi zao. Ulikuwa msimu wa vitunguu, vimevunwa, vimetandazwa vikauke, wanawake wamekaa kivulini wanakata majani. Hakuna aliyejua kitu. Mimi nilijua. Nilikuwa na honi mbele ya mkono wangu.

Sikupiga honi. Baadaye nilijipa sababu nzuri: ndani ya kreta honi ni marufuku, na baada ya miaka ishirini mkono wa mwongozaji husahau honi iko wapi. Uongo mtupu. Mkono ulijua vizuri sana. Niliogopa wageni. Nikipiga honi watauliza kuna nini, nikiwaambia wataogopa, wakiogopa watamwandikia bosi kwamba Tarmo aliwapeleka kwenye hatari. Basi nikapita na mwendo, na vumbi langu. Watu wakatupungia mkono, kama walivyozoea. Na mimi, kwa sababu kazi yetu ni kupunga mkono kutwa nzima, nikapunga. Na kutabasamu nilitabasamu.

Tulivuka. Hata robo saa haikupita, tukasikia mngurumo nyuma yetu. Wageni wakaomba tusimame mwinukoni wapige picha maji yanavyopita. Nikasimama. Kwa wageni kupiga picha nilisimama.

Mungu aliwahurumia, hakufa mtu pale. Lakini nyumba za upande wa chini zilikwenda, vitunguu vyote vikaenda, mbuzi, mifereji ya kumwagilia ikajaa mchanga mpaka juu.

Ikapita miezi kadhaa. Siku moja mwenyekiti wa kitongoji akapanda Karatu, akaja ofisini kwetu. Alisema maneno ya maana. Alisema: "Wageni wenu wamekuwa wakitupita kwenda ziwani na kutuachia vumbi. Sasa wasimame. Watembee na sisi, waone tunavyochimbua mifereji, wapande miche na sisi, na wanachotoa kitusaidie kurudisha maji mashambani." Bosi akakubali. Akauliza nani anaijua vizuri ile njia. Wenzangu wote wakanyoosha vidole kwangu. Nikakohoa, lakini kumbe mtu akikohoa hahesabiwi kwamba amekataa.

Ndivyo nilivyokuwa mwongozaji wa Jumanne. Tulianzia kwenye mifereji, tukapita mashambani, tukamalizia nyumbani kwa Mama Niima. Mwenyekiti alimchagua kwa kuwa nyumba yake ilikuwa ya kwanza kusimamishwa tena, na mkono wake wa kupika hauna mfano. Alikuwa mama wa makamo, mwembamba, mwenye macho yasiyokuacha. Aliniita Baba Daudi, kwa jina la mwanangu, kwa heshima kabisa. Na mimi kila Jumanne nilikuwa naogopa jambo moja tu: siku atakayogundua kwamba gari lililopita siku ile lilikuwa langu. Akigundua, nilijiambia, atasema, kitongoji kitafunga mlango, mifereji itabaki na mchanga wake, na mimi sitakuwa na pa kuweka uso huu.

Kwa hiyo sikumuuliza chochote kuhusu siku ya maji. Chochote. Ningeanza kuuliza, angeanza kueleza, na katika kueleza angefika kwenye gari.

Sasa mgeni mmoja, kwenye safari ya kwanza kabisa, akaniuliza: "Mume wa huyu mama yuko wapi?" Kweli mwanamume pale nyumbani sikumwona. Ningeweza kumgeukia Mama Niima nikamuuliza, alikuwa hatua tatu kutoka nilipo. Ningeweza kusema sijui. Lakini mnanijua. Nikashusha sauti nikasema, kwa Kiingereza, "Maji yalimchukua."

Wageni wakashika vifua. Na bahati mbaya iliyoje, Mama Niima wakati huo alikuwa anakatakata vitunguu vya kupikia, machozi yanamtiririka. Wageni wakamwona. Mmoja akaanza kulia naye.

Mtu mwenye haya angeishia hapo. Mimi nikaona hadithi imefanya kazi. Jumanne iliyofuata nikampa marehemu mbuzi wa kuokoa. Iliyofuata nikampa maneno ya mwisho. Kila wiki nilimwongezea sifa kidogo, na Mama Niima kila wiki yuko pale pale na kisu na kitunguu, haelewi Kiingereza hata neno, anafuta macho kwa kanga na kuwakaribisha wageni. Kufikia katikati ya msimu marehemu wangu alikuwa anazama huku anaimba pambio.

Halafu siku moja nafika, namkuta mwanamume amekaa mlangoni na gongo lake. "Karibuni, karibuni sana!" anasema. "Baba Daudi ndiye wewe? Mke wangu amenieleza habari zako. Mimi ndiye Baba Niima."

Vijana, ndiye marehemu wangu. Kumbe siku ya maji nyumba ilimwangukia, nguzo ikamvunja mguu. Alilazwa, kisha akapelekwa kuuguzwa kwa dada yake, kule Endabash, na mke wake alikuwa akienda na kurudi, akilala huko siku ambazo hana wageni. Miezi yote hiyo nilikuwa namzika mtu aliyekuwa Endabash anakunywa uji.

Wageni nyuma yangu wanauliza, "Huyu ni nani?" Hapo ndipo pa kutubu. Nilisema, "Huyu ni mdogo wa marehemu. Amekuja kusaidia familia ya kaka yake." Wakasema ni desturi nzuri sana. Mmoja akauliza mguu umepatwa na nini. Nikasema alizaliwa hivyo.

Basi tukaendelea. Baba Niima akawa anaombolezewa mbele ya macho yake na anafurahi. Wageni wanamshika mkono muda mrefu, wanamtazama kwa huruma, mama mmoja alimkumbatia akalia begani kwake. Siku hiyo alinivuta pembeni. "Baba Daudi," aliniambia, "hawa wageni wako wana upendo! Hata ndugu zangu hawajawahi kunikumbatia namna hii." Nikamwambia ndivyo walivyo.

Sasa sikilizeni. Katika msimu wa kwanza alipita kwangu mama mmoja anaitwa Hanne, mwalimu mstaafu, mrefu, mkimya. Alisikia hadithi ya marehemu, ile yenye mbuzi. Msimu wa pili akarudi, na wageni wengine watano. Nilimpokea Karatu asubuhi, akanyoosha mkono akasema: "Shikamoo, Bwana Tarmo. Nimesoma Kiswahili mwaka mzima." Kiswahili safi, cha kitabuni, kila neno limepigwa pasi. Nilifurahi! Nikampigia makofi. Tulishuka tunazungumza mimi na yeye, mimi mjinga nimejaa sifa kama ndiye niliyemfundisha, mpaka tumevuka korongo ndipo aliposema: "Nimeandaa maneno ya kumwambia Mama Niima."

Jasho likanitoka mahali ambapo sikujua kuna jasho. Nikamwambia labda Mama Niima hayupo leo. Akasema tutamngoja. Nikamwambia ziwani kuna heroe, wale ndege wa waridi, wengi sana msimu huu, tuanzie huko. Akasema heroe aliwaona mwaka jana. Nilifikiria kulitoboa tairi gari langu mwenyewe, sema sikuwa na msumari.

Tukafika. Mama Niima yuko kwenye jiko lake la nje, Baba Niima kwenye kigoda anatia mpini kwenye jembe. Hanne akaenda moja kwa moja, akamshika Mama Niima mikono yote miwili.

"Mama Niima," alisema, "pole sana kwa kifo cha mume wako. Maji yalimchukua akiwa ameshika mbuzi. Mwaka mzima nimemwombea."

Nyundo ya Baba Niima ikasimama hewani. "Mume gani tena?"

"Mume wake," Hanne akamgeukia kwa upole. "Kaka yako."

"Kaka yangu? Mimi kwetu mwanamume niko peke yangu, mama. Waliobaki wote dada."

Hanne akatoa daftari kwenye mkoba, akafungua ukurasa. "Bwana Tarmo alieleza. Wewe ni mdogo wa marehemu. Umekuja kusaidia familia." Akatazama gongo. "Mguu wako ulizaliwa hivyo. Rafiki yangu alikuja baadaye, akaniandikia."

Wote wakanitazama. Mimi nikawatazama mbuzi.

Mama Niima ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa chini, akajifunika uso kwa kanga, mabega yanaruka. Baba Niima naye akashika mbavu: "Kumbe! Kumbe ndiyo maana wananikumbatia! Ni rambirambi!" Na mimi, kwa kuwa sina akili, nikaona nimepona, nikaanza kucheka pia.

Mama Niima akaacha kucheka. Akasimama.

"Wewe Tarmo," alisema. Hakuwahi kuniita hivyo. "Njoo usimame hapa. Leo nasema mimi, wewe unatafsiri. Usiongeze, usipunguze. Huyu mama anasikia Kiswahili, atakusimamia."

Wageni wakakaa kwenye mabenchi. Nikasimama katikati yao kama mwanafunzi aliyekamatwa na majibu ya mtihani. Akaanza. Alisema kwa sentensi fupi, ananingoja nimalize kila moja.

Alisema siku ile jua lilikuwa kali. Nikatafsiri. Alisema vitunguu vyao vilikuwa vingi kuliko mwaka wowote, na mume wake alikuwa amelala ndani, amechoka na kuvuna. Nikatafsiri. Alisema walisikia maji yakiwa yameshafika kwa jirani. Yeye alikimbia na mtoto, mume wake akaamka nyumba inamwangukia. Alimtoa kwenye tope yeye na majirani kwa majembe, na mguu wake ulikuwa umegeuka upande usiokuwa wake. Nikatafsiri.

"Sema na hili," aliniambia. "Kabla ya maji, lilipita gari la watalii, linatoka ziwani. Linakimbia. Nikajiuliza linakimbia nini na jua hili. Nikalipungia mkono. Dereva akanipungia. Akacheka, akapita. Angesimama kidogo, angepiga honi tu, ningeingia ndani kumwamsha mume wangu."

Nikatafsiri. Mgeni mmoja, kijana, akauliza kwa hasira huyo dereva alijulikana. Nilitamani kumjibu mwenyewe kwamba hakujulikana, lakini Hanne alikuwa ananitazama juu ya miwani. Nikamuuliza Mama Niima.

Macho yake hayakuniacha. "Mwambie gari lilikuwa la kijani. Lina ngazi ya chuma nyuma."

Nitawaambia ukweli, kwa nusu dakika nilifikiria kusema jeupe. Nikasema la kijani. Nikasema na ngazi. Nikaona vichwa vyao vinageuka kimoja kimoja, vinalitazama gari langu lililoegeshwa kwenye ua, kisha vinarudi kwangu.

"Sasa waulize kama wana swali," alisema Mama Niima.

Nikawauliza. Wakaanza kukusanya kofia zao.

Baba Niima akainuka na gongo lake, akasema twendeni mkaone miche, akawachukua wote, naye Hanne akafuata bila kunitazama. Tukabaki wawili. Nilitaka kusema nisamehe, ikatoka kitu kama kikohozi.

"Ulijua lini?" nikamuuliza.

"Siku ileile. Gari linapita hapa kila wiki, nisilijue?" Akaanza kupuliza moto wake. "Siku ya kwanza uliporudi na wageni ulisalimia watu wote usoni. Mimi ulisalimia viatu vyangu. Nikasema, huyu linamuuma. Atasema mwenyewe. Nikangoja."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Mwenye mdomo ni wewe."

Nikasema ni kweli niliogopa, nikasema nisamehe kwa gari, nisamehe kwa mguu. Akatikisa kichwa. "La gari nilishalimaliza moyoni zamani. Mtu akiogopa anapita. Mimi mwenyewe nilikimbia, nikamwacha mume wangu ndani. Kinachoniuma ni hili nililosikia leo." Hapo akaacha moto, akanigeukia. "Nilimuuguza miezi saba. Nilikuwa namgeuza kitandani kwa mikono hii, namwambia usife, usiniachie watoto, usife. Nikirudi huku Jumanne nakupikia wageni wako. Na wewe unasimama mlangoni kwangu unamuua, mimi nikiwa nakukatia vitunguu."

Nililia. Hakunifariji, wala sikutegemea. Aliweka sufuria motoni. Baadaye akasema, "Jumanne uje. Watu wa mfereji hawana kosa. Lakini humu kwangu nasema mimi."

Basi tangu siku hiyo alisema yeye. Kila Jumanne, wageni wapya, hadithi ileile, na mimi nikatafsiri gari la kijani kwa mdomo wangu. Akifika hapo huniachia mwenyewe niseme lilikuwa la nani. Nikasema. Wapo wageni waliokataa kurudi na mimi kwenye gari, mwenzangu akaja kuwachukua. Wapo walioandika kwa bosi. Bosi aliniita, nikamweleza, akaniuliza kama mifereji imekaribia kuisha. Ikaisha. Sasa hivi ukishuka utaona kijani mpaka karibu na chumvi ya ziwa.

Mnaniuliza kanuni za kuwapitisha wageni mahali palipopatwa na balaa. Kanuni gani nitawapa mimi? Salimieni watu usoni. Mkitaka kujua mume yuko wapi, mwulizeni mke. Na mkisikia kwenye redio kwamba maji yanakuja, pigeni honi mpaka betri ife, wageni waogope wakitaka. Hayo mengine mtayasoma kwenye simu zenu, huko yapo mengi na ndege wana majina ya kweli.

Baba Niima yeye alinisamehe siku ileile, tena akapata na mchezo. Kila Jumanne nikizima gari tu, kabla wageni hawajashuka, ananiita kwa nguvu kutoka kwenye kigoda: "Tarmo! Leo mimi niko hai au nimekufa?" Na mimi lazima nijibu kwa sauti, ili isikike jikoni: "Uko hai, Baba Niima!" Jikoni zilisikika sufuria tu. Mama Niima alinipikia, akanipa kazi yangu ya kutafsiri, akaniaga vizuri, na miaka yote hiyo aliniita Tarmo.

Jumanne yangu ya mwisho kabla ya kustaafu niliegesha gari, nikazima. Baba Niima akaniita kama kawaida, yuko hai au amekufa? Nikashusha kioo, nikafungua mdomo. Neno halikutoka. Miaka yote nina jibu, siku hiyo sikuwa nalo.

Mama Niima akatokeza kichwa jikoni, kisu mkononi.

"Yuko hai," alisema. "Shuka, Baba Daudi. Chakula kiko tayari."